Siku moja maishani mwangu: bamvua, mwani na maombi ya kazi

Saa kumi na moja alfajiri

Adhana haijaisha, nami nimeshafungua jedwali la maji. Leo ni bamvua. Yanakupwa kabisa saa nne na robo asubuhi, yanajaa alasiri, yanakupwa tena usiku. Pembeni ya tarehe nimeandika kwa kalamu nyekundu: Ujerumani. Leo ndiyo mwisho wa kutuma maombi ya nafasi ya utafiti ya miaka mitatu huko, saa sita kasoro dakika moja usiku kwa saa zao. Mwezi huu wa Novemba tunawatangulia kwa saa mbili, kwa hiyo kwetu Unguja ni saa nane kasoro dakika moja. Hizo saa mbili nimezihesabu kama mtu anavyohesabu akiba.

Niseme nilipo. Nilitetea tasnifu ya uzamivu miaka miwili iliyopita, nalipwa na mradi wa mwani, na mradi unakwisha Juni. Naomba sehemu mbili kwa mpigo: hiyo ya Ujerumani, na nafasi ya uhadhiri chuo kikuu kimoja cha umma Bara, ambayo inapitia Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuomba kazi mtandaoni, na inafungwa Ijumaa. Tangazo la Bara linataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili. Ya kwanza nina 3.8 kamili, niliponea chupuchupu. Mtu anaweza kuwa na uzamivu na makala tano, bado akaulizwa kuhusu mtihani wa takwimu alioufanya mwaka wa pili akiwa na malaria.

Nanywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa kumimina cha jana. Nafungua tamko la utafiti, yale maelezo ya nilichofanya na ninachopanga kufanya yanayoambatana na maombi, nasoma ukurasa wa kwanza, nalifunga. Maji hayamngojei mtu.

Saa tatu kasorobo

Pwani ya mashariki, shamba la mwani. Maji yamerudi nyuma hadi karibu na mwamba, kinamama wameinama kwenye kamba zao, kanga zimefungwa kiunoni. Kilimo hiki kilianza kwa biashara huku Unguja mwaka 1989, na bibi mwenye shamba ninalopimia alikuwemo tangu miaka ile ya mwanzo. Namwamkia, "Shikamoo, bibi." Anaitika marahaba, kisha swali lile lile la kila mwezi: "Umeshapata kazi ya kudumu, mwanangu?"

Kazi yetu ya leo ni kamba kumi za kotonii na kumi za spinosamu, aina mbili za mwani zinazolimwa hapa. Kila kamba tunaifungua kwenye vigingi, tunaikung'uta mara tatu, si mbili wala si nne, kwa sababu maji yaliyoshikana na matawi yana uzito, nawe hukuja kupima maji. Kisha kwenye mzani wa kuning'iniza. Uzito wa leo naugawanya kwa uzito wa siku ya kupanda, natafuta logi, nagawanya kwa idadi ya siku. Namba moja ndogo inatoka: asilimia ya ukuaji kwa siku. Makala zangu zote zimejengwa juu ya namba hiyo na mikunguto mitatu.

Spinosamu inakwenda vizuri. Kotonii, ambayo ndiyo yenye bei, kamba ya nne imeanza kuwa nyeupe kwenye maungo. Nikashika tawi, likakatika mkononi bila kuvutwa, laini kama ubuyu uliolowekwa. Ndiyo aisi-aisi hiyo, ugonjwa wa mwani. Kipimajoto kilichofungwa kigingini kinasoma nyuzi 33, na jua halijafika utosini.

Tukiwa kamba ya sita simu ikalia. Mmoja wa wadhamini wangu watatu, yuko safarini, anauliza barua ya kunipendekeza kwa Ujerumani inatakiwa lini. Nikamwambia leo, Profesa. Kimya. Akasema atajitahidi. Nilimpa tarehe wiki sita nyuma na nikamkumbusha mara mbili, lakini mdogo hamsemeshi mkubwa wake hivyo. Nikamshukuru, nikarudi kazini mikono ikitetemeka, nikaendelea na kamba ya nane.

Bibi aliyasikia yote. "Kwani hao wazungu lazima uwaambie wewe ni hodari? Si wataona wenyewe? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza."

Sikuwa na jibu, na wallahi methali hiyo ndiyo inayonikaba kila nikikaa mbele ya laptopu. Tumelelewa mtu hajisifu. Barua ya kuomba kazi ni kujitembeza kuanzia mstari wa kwanza.

Saa nane mchana

Mjini, kwa wakili. Nakala kumi na moja za kugongwa muhuri. Hati ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kutambua shahada yangu ya Sweden ninayo, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA ninayo. Tatizo ni herufi moja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha kidato cha nne kinasema Hamis. Ni baba yule yule, mwalimu wa skuli aliyeandikisha alisikia alivyosikia. Nimeapa kwa maandishi kwamba hao watu wawili ni mtu mmoja. Wakili akacheka, akasema wiki hii mimi ni wa nne. Kama unasoma uzamili sasa hivi na una ndoto ya kufundisha chuo, linganisha majina kwenye vyeti vyako leo jioni, usingoje tangazo litoke.

Saa kumi jioni

Somo la majaribio. Usaili wa uhadhiri unaweza kukutaka ufundishe mbele ya jopo, kwa hiyo nimewaomba vijana wawili wa maabara na binamu yangu, ambaye ni fundi simu, wakae kama wanafunzi kwa dakika ishirini. Mada: kwa nini mwani hukua haraka kisha ukasimama. Nimekuja na kamba halisi na kiroba cha mwani mbichi, chumba kizima kikanuka pwani.

Vijana walisifu slaidi. Binamu ndiye aliyenisaidia. "Dada, umesema 'tulipima', 'tuligundua', 'tuliona'. Wewe mwenyewe ulifanya nini?"

Nikaanza kujieleza kwamba sayansi ni kazi ya pamoja. Akaniangalia tu.

Saa moja usiku

Umeme umekatika. Betri ya laptopu asilimia 60, bando ipo. Nikaiacha laptopu, nikawasha taa ya chaji, nikachukua daftari.

Tamko la utafiti naliandika kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza mimi ni hodari wa kujificha. Sentensi zangu zimejaa vitenzi visivyo na mtendaji: sampuli zilikusanywa, joto lilipimwa, na nani? Usiku huu nikaandika kwa Kiswahili. Kiswahili nacho kinajua kumficha mtendaji, ila nikaamua kila kitenzi kije na mwenyewe mlangoni. Kati ya *tu-* na *ni-* nikawa nachagua neno kwa neno, kwa haki. *Tulipanda* kamba, ndiyo, mimi na bibi na wenzake. *Walinionyesha* wao kwamba kotonii iliyoko karibu na mkondo hufa baadaye kuliko iliyoko kwenye dimbwi. *Nilitilia* shaka. *Nilifunga* vipimajoto sehemu sita. *Nilikosea* miezi mitatu ya mwanzo kwa kuvifunga juu mno, vikawa vinapima jua. *Nilivishusha*, *nilianza* upya. *Nilikuta* kweli.

Kurasa mbili za daftari, na kwa mara ya kwanza nilijua mchango wangu ni upi. Sikuwa nimejisifu popote. Hata bibi angeusoma asingenuna.

Sehemu ya mpango wa miaka mitano ilikuja kwa shida zaidi. Jopo lolote litauliza natofautianaje na waliotangulia, hasa Dk. Flower Msuya, ambaye ameufanyia kazi mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi na kuhimiza nyavu za mfano wa mirija kwa ajili ya maji yenye kina. Kwenda kina kirefu kunataka chombo na kunataka kujua kuogelea, na kinamama wengi wa mashambani hawana hivyo viwili. Nikaandika kwamba nitaanza na swali dogo: ndani ya eneo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa miguu wakati wa bamvua, ni wapi maji yanabaki baridi vya kutosha kwa mbegu ya kotonii kuvuka kaskazi, msimu wa joto? Ramani ya joto, kijiji kwa kijiji. Rasimu ya zamani ilikuwa na malengo saba, likiwemo la kubadili uchumi wa buluu wa Afrika Mashariki nzima. Nikalikata. Niliona haya kwamba niliwahi kuliandika.

Saa nne usiku

Umeme umerudi. Natafsiri daftari kwenda Kiingereza na kuziacha *ni-* zangu zilivyo. Orodha ya makala: tano, mbili mimi ndiye mwandishi wa kwanza. Ruzuku: moja ndogo ya WIOMSA, jumuiya ya sayansi ya bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi. Ualimu: mihula miwili ya kusaidia mazoezi ya maabara, nimeitaja kama ilivyo. Yote yawe faili moja ya PDF.

Mama amepiga. "Umekula?" Nimekula, mama. Sijala.

Saa sita na dakika arobaini

Ujumbe kutoka kwa Profesa: barua imekwenda. Yuko uwanja wa ndege, ameiandikia kwenye simu. Ameniomba radhi, jambo ambalo sikulitarajia, na ameongeza mstari: "Nimewaeleza kuhusu vipimajoto ulivyovirudia." Kumbe alikumbuka.

Nikasoma faili mara ya mwisho kwa sauti, nikarekebisha jina la kituo kwenye aya ya pili (lilikuwa la kituo kingine nilichoomba Septemba, na hapo nikakaa kimya kidogo nikifikiria ya Septemba), nikabonyeza.

Saa saba na robo usiku

Ujumbe wa kupokelewa umeingia. Naosha sufuria, naweka wali.

Nikipanga daftari la shambani ndipo nikaona: kamba ya sita ina uzito, ya nane ina uzito, ya saba ni pengo jeupe. Ile simu. Kesho maji yanakupwa karibu saa tano. Nimempelekea bibi ujumbe asiivune kamba ya saba, nikaona alama kwamba ameshausoma. Saa saba usiku, naye yu macho.