Carlsbad Caverns: amua kuhusu popo kwanza, hoteli baadaye

Watu wananiuliza sana ukienda Carlsbad Caverns, ile hifadhi ya mapango kule jimbo la New Mexico, Marekani, unafikia wapi, na mimi kabla sijataja hoteli yoyote nauliza kwanza, popo utawaangalia au huwaangalii? Maana hapo ndo kila kitu kinaamuliwa. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna hoteli wala kempu ya kupaki gari ukafunga hema, ukitaka kulala humo mpaka uchukue kibali, ubebe maji yako yote uingie nyikani kwa miguu, na kwa jua la jangwa lile kiangazi mimi simo.

Pango ni shughuli ya mchana. Unabuku muda wa kuingia mtandaoni mapema, unashuka kwa miguu au kwa lifti mpaka kama mita 230 chini, kule ni nyuzi 13 hivi mwaka mzima kwa hiyo beba sweta hata kama juu watu wanaungua, unazunguka Big Room, ule ukumbi mkubwa wa pango, saa moja na nusu umemaliza. Kama safari yako inaishia hapo basi lala popote, hata mji wa El Paso kule Texas, ilimradi uko tayari kuendesha.

Ila ukikosa popo jamani... Kuanzia mwisho wa Mei mpaka Oktoba hivi, kabla hawajahamia Mexico, jua likizama mnakaa kwenye mabenchi ya mawe mkiangalia mdomo wa pango, askari wa hifadhi anawapa maelezo, simu na kamera zote zinazimwa (safi kabisa, afadhali). Mbayuwayu wanazunguka zunguka, halafu wanatoka popo wachache, halafu ghafla wanamwagika malaki, wanapanda wakizunguka kinyume cha saa kama moshi, na ukinyamaza unasikia mabawa. Hakuna kiingilio cha hiyo.

Sasa ikiisha ni giza totoro, na una kilomita 11 za kona kona kushuka mpaka barabara kuu, na wanyama wanakatiza. Ndo maana Whites City, kakijiji ka pale pale getini, ina maana kwa usiku huo mmoja. Ni kadogo mno, huduma za kuhesabu, kwa hiyo piga simu kwanza ujue kuna nini na chakula nunua kabla. Mimi lakini ukiniuliza nitakwambia mjini Carlsbad, kama kilomita 30 zaidi, kuna supamaketi, migahawa na hoteli za kuchagua. Tatizo ni bei, eneo lile ni la mafuta, lile bonde la Permian, wafanyakazi wa visima wanajaza vyumba na katikati ya wiki unaweza kukuta moteli ya kawaida inataka hela ya hoteli kubwa. Linganisha na wikiendi kabla hujalipa.

Wa mahema waende Pine Springs, upande wa Texas, kwenye hifadhi ya milima ya Guadalupe, ni chini ya saa moja kwa gari. Upepo wa pale lakini sio wa mchezo, pigilia vigingi sawasawa. Na ukitokea huko kuelekea El Paso jaza tenki kabisa Carlsbad, usitegemee kukuta sheli njiani.