Mchoro wa 2021, ujenzi wa 2023: nilivyoshughulikia kanuni zilizobadilika

Oktoba 2023 fundi mkuu alinipigia simu kutoka Chake Chake. "Injinia, bodi za kugawia umeme zimeshafika, Jumatatu tunaanza kuvuta waya. Nimeona nikwambie." Hakuwa na swali lolote. Swali lilinijia mimi baada ya kukata simu: mchoro anaoufuata niliutia saini Machi 2021, kabla ujenzi haujakwama miaka miwili kwa kukosa fedha.

Jengo ni nyumba ya wageni. Mkataba wetu ulitaka usanifu wa umeme ufuate BS 7671, kanuni za Uingereza, na mchoro ulitaja toleo: la 18, la 2018. Machi 2022 yakatoka Marekebisho ya 2, na usanifu wowote wa baada ya Septemba 27 mwaka ule ukatakiwa uyafuate. Wangu ulitangulia. Kimaandishi nilikuwa salama, na wenzangu wawili niliowauliza walinambia niache, kwani kila mtu ana saini yake.

Usingizi haukuja. Alfajiri nikapanda boti ya Mkoani.

Pale kwenye jengo, kitu cha kwanza nilichokiona ni maboksi ya viyoyozi, kumi na vinne, vyote vya inveta, yaani vyenye kifaa cha kuongeza na kupunguza kasi ya mota. Mwaka 2021 tulikubaliana vya kawaida. Nikaomba bodi moja ifunguliwe. RCD, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, ilikuwa ya miliampia 30 kama nilivyoandika. Usoni mwake mlikuwa na kisanduku kidogo chenye wimbi moja tu. Hiyo ni aina ya AC: inahisi mvujo wa umeme unaokwenda na kurudi, basi. Ndani ya inveta umeme hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, unaokwenda upande mmoja tu, kabla ya kutumika, na ukivuja wa namna hiyo, kiini cha sumaku cha RCD kinaweza kushiba kikawa hakihisi tena. Mtu anashika chuma chenye umeme, kifaa kimekaa kimya. Aina ya A, inayohisi pia mvujo wa mkondo mmoja unaokuja kwa mapigo, ina alama ya pili chini ya lile wimbi, vilima viwili juu ya mstari. Marekebisho ya 2022 yanaibakisha aina ya AC kwa vifaa visivyohamishika tu, tena vile inavyojulikana kuwa havina mkondo wa namna hiyo.

Mkandarasi alisema, "Sisi tumefuata mchoro." Kweli, na sikubishana naye. Mwenye jengo ndiye aliyenitoa jasho.

"Mwanangu, mchoro nilikulipa taslimu. Leo unanambia haufai?"

"Mzee wangu, ulikuwa sawa siku niliyokukabidhi. Lakini viyoyozi si vile tena, na kanuni si zile. Mimi nikijua nikanyamaza, nitakuwa nimekudhulumu."

Usiku ule nikamwandikia barua ya kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi. Nilitenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Kuupitia upya mchoro na kumwambia kilichobadilika ni wajibu wangu, wala sikudai hata senti. Kuchora upya ratiba za bodi, yaani orodha ya kilichomo katika kila bodi, ni kazi mpya inayolipwa, kwani mabadiliko hayakutokana na kosa langu. Tofauti ya bei ya vifaa ni yake. Mkandarasi naye asibadilishe kitu mpaka apate mchoro mpya wenye saini. Naamini hili la mwisho ndilo linalookoa watu zaidi, maana fundi akishaambiwa kwa mdomo tu "weka aina nyengine", likitokea la kutokea hakuna anayekumbuka nani alisema.

Kulikuwa na jambo moja nisiloweza kumuamulia. Kwa jengo kama lake, marekebisho yanataka kinga ya volti inayopanda ghafla, isipokuwa mwenyewe aseme kwamba hasara ya vifaa kuungua anaikubali. Nikamuachia nafasi ya saini. Aliisoma barua mara mbili, akauliza kuhusu radi za masika na umeme unavyorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Nikamueleza. Akasema, "Tia kinga." Saini ya kukubali hasara hakuiweka.

Duka lilikubali kubadilisha RCD ambazo hazijafungwa. Mbili zilizokwisha kufungwa alizilipia mzee, kwa shingo upande.

Tangu hapo kila mchoro wangu una sentensi pembeni mwa jina la mradi: ikipita miezi kumi na miwili kabla vifaa havijanunuliwa, mchoro urudi kwa aliyeusanifu. Na kwenye mkataba naandika mapema nani atalipa.

Nilipopeleka mchoro mpya nilizunguka jengo zima. Ghorofa ya pili, nyuma ya mlango, nikakuta nakala ya 2021 bado imebandikwa, ina alama za vidole vya saruji, na kijana mmoja akihesabu soketi kwa kuitazama. Nikampa mpya, nikaibandua ile, nikaandika "umefutwa" kwa wino mwekundu, nikaondoka nayo.