Silver Shadow lililolala miaka mingi: jinsi ninavyoamua kama linafaa kununuliwa

Rolls-Royce ilianza kuuza Silver Shadow mwaka 1965 na ikaacha kulitengeneza mwaka 1980. Mengi bado yapo, na lililo zima hupatikana kwa bei inayojulikana. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliweka kichwani ninapokwenda kutazama moja ambalo halijaguswa na fundi kwa miaka, kwa sababu gharama ya kulifufua gari bovu huipita bei ya lililo zima kwa urahisi mno. Natafuta mambo matatu: kutu ya bodi, hali ya haidroliki (mfumo unaoendesha breki kwa mafuta yenye presha), na vitu vilivyopotea. Injini naiweka baada ya hayo, ingawa wauzaji wengi huanza nayo.

Nabeba tochi kali, sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini, bisibisi butu, kioo kidogo chenye mpini, jeki, stendi nne za kubebea gari, betri yenye chaji na kidumu cha petroli mpya. Muuzaji namwomba mapema asilioshe gari na asiliwashe. Sakafu yenye madoa ya siku nyingi inanionyesha linavuja wapi, na injini iliyokwisha kupashwa moto huficha matatizo yanayoonekana asubuhi tu.

Kwa bodi natumia saa nzima au zaidi. Hili ndilo Rolls-Royce la kwanza ambalo bodi yenyewe inabeba mzigo wote bila chesisi (fremu) ya kujitegemea chini yake, hivyo kutu ikila vizingiti vya chini ya milango, gari linapoteza uti wa mgongo. Napiga magoti na kuvigonga vizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkavu, na chuma kilicholiwa au kujazwa puti (lipu ya kuziba mashimo ya bodi) hutoa sauti nzito iliyokufa. Kisha napitisha sumaku. Milango, boneti na mfuniko wa buti ni alumini, kwa hiyo huko sumaku haishiki hata kidogo na hilo lisimtishe mtu. Sehemu nyingine za nje ni chuma. Sumaku ikiteleza kwenye pindo la juu ya gurudumu la nyuma au sehemu ya chini ya fenda, hapo kuna puti nene.

Maji hukaa mahali palepale katika magari haya yote: nyuma ya gurudumu la mbele ndani ya fenda, sehemu ya mbele ya pindo la gurudumu la nyuma, chini ya kioo cha nyuma, kwenye sakafu ya buti na kwenye vikombe vinavyobeba springi. Nainua zulia la buti na kunusa. Kama paa limefunikwa kwa vinaili, navuta kidole polepole kuzunguka kingo zake na pembeni mwa kioo cha nyuma. Vivimbe vidogo vinavyopasuka kama maganda ya mkate mkavu vina maana kwamba chuma cha chini kinaoza bila kuona hewa, na kulitoa hilo funiko ni kufungua kazi ambayo hakuna anayeweza kukutajia mwisho wake. Kwenye alumini hakuna kutu nyekundu. Huko unatafuta rangi iliyoinuka na unga mweupe, hasa pale alumini inapogusana na bolti au kipande cha chuma.

Lami mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari ambalo eti halijaguswa miaka 20 inatosha kunifanya niondoke. Uchafu wa zamani uliochanganyika na oili naupenda zaidi, kwa sababu umelinda chuma na haujaficha kitu.

Sasa haidroliki, ambayo ndiyo inayowatia hasara walio wengi. Breki na mfumo wa kusawazisha urefu wa nyuma ya gari hutumia presha inayotengenezwa na pampu mbili zilizoko juu ya injini, katikati ya safu mbili za silinda, zikisukumwa na kemushafti, mhimili unaofungua vali za injini. Presha hiyo huhifadhiwa katika matufe mawili ya chuma, kila moja likiwa na kiwambo cha mpira kinachotenganisha mafuta na gesi ya naitrojeni. Mpira ukizeeka, gesi hutoroka, na tufe linabaki chuma kilichojaa mafuta tu, bila akiba yoyote ya nguvu za breki.

Kulipima hakuhitaji chombo chochote. Nikishajiridhisha kwamba injini inaweza kuwashwa kwa usalama, naiacha izunguke dakika chache hadi taa mbili za onyo la breki kwenye dashibodi zizimike na matufe yajae. Nazima injini, narudisha swichi ili taa ziweze kuwaka, kisha nakanyaga pedali na kuiachia kabisa, nikihesabu. Taa ya kwanza ikiwaka baada ya kukanyaga mara 40 na zaidi, nafurahi. Chini ya mara 20, naandika matengenezo ya matufe kwenye hesabu. Chini ya mara 10, gari haliendeshwi, hata kwa kuzunguka uani. Taa zikikataa kuzimika huku injini inazunguka, tatizo linaweza kuwa pampu au vali zake, na hapo orodha inakuwa ndefu zaidi.

Halafu nafungua tangi la mafuta ya breki. Gari hili linataka mafuta aina ya RR363, yenye kilainishi ambacho mafuta ya kawaida ya breki hayana. Aliyeweka ya kawaida kwa miaka amezikausha pampu, nazo hulika. Kosa kubwa kuliko hilo ni kuweka mafuta ya madini yanayotumika katika Silver Spirit, gari lililolirithi hili kuanzia 1980. Hayo huvimbisha kila mpira uliomo ndani, kuanzia pampu hadi kalipa (vibano vinavyoishika diski ya breki), na hakuna namna ya kuusafisha mfumo ukapona. Kila mpira lazima utoke. Mafuta ya madini ya aina hiyo huwa ya kijani. Nikiona dalili ya kijani ndani ya tangi la Silver Shadow, ukaguzi unaishia hapo.

RR363 hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo gari lililosimama muda mrefu huwa na maji ndani ya mabomba na kutu kwenye pistoni za breki. Kila diski ya mbele ina kalipa mbili, hivyo kazi ya kufungua na kusafisha ni maradufu ya gari la kawaida. Nainua kila gurudumu na kulizungusha kwa mkono baada ya kukanyaga na kuachia breki. Likibaki limeshikwa, ama pistoni imeganda, ama hosipaipu ya mpira imevimba kwa ndani na hairudishi mafuta. Hosipaipu zote mimi huzihesabu kuwa mbovu tangu mwanzo, hata zikionekana nzuri kwa nje.

Injini yenyewe, V8 ya alumini yenye sentimita za ujazo 6,230, na kuanzia 1970 ikawa 6,750, ni imara ikipewa maji yenye dawa ya kuzuia kutu. Bila dawa hiyo, tope hujikusanya upande wa nyuma wa bloku na silinda za huko huchemka huku geji ikionyesha hali njema. Silivu za silinda, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja, na mipira inayoziziba kwa chini ikichoka, maji hutoka kupitia vitundu vidogo ubavuni mwa bloku. Navitafuta kwa tochi na kioo. Alama nyeupe au ya kahawia iliyokauka chini ya kitundu maana yake injini itatoka garini na kufunguliwa.

Siwashi injini iliyolala kabla ya kutoa plagi, kutia oili kidogo katika kila silinda, kuiacha kwa saa kadhaa, na kuizungusha kwa mkono kwa spana mizunguko miwili kamili. Petroli ya zamani kwenye tangi naiacha huko huko na kutumia kidumu changu, kwa sababu iliyooza huacha gundi ndani ya kabureta. Kelele ya tapeti (vipande vinavyosukuma vali) kwa muda mfupi baada ya kuwaka hainitishi. Mngurumo mzito kutoka chini wakati injini imepata moto unanitisha sana.

Gia boksi ya otomatiki ni ngumu kuua. Kinachosumbua ni mota ndogo ya umeme inayobadilisha gia badala ya waya au fimbo, kwa hiyo najaribu kila nafasi ya gia mara kadhaa.

Ndani, ngozi ngumu iliyokauka inaweza kulainishwa ikiwa mishono haijaachia. Mbao za dashibodi zikiwa zimepasuka vanishi tu, fundi ataziokoa. Kipande kikikosekana kabisa ni shida, kwani vena, tabaka jembamba la mbao la juu, huchaguliwa ili mistari ya upande mmoja iakisi ya upande wa pili. Kwa sababu hiyo nahesabu kila kitu kidogo: vifuniko vya magurudumu, sanamu ya mbele, vioo vya taa, vipande vya kromu, funguo, zana za gari. Gari chakavu lililokamilika nalithamini kuliko lenye rangi inayong'aa na mapengo.

Namba ya chesisi nailinganisha na hati. Kwa lenye usukani wa kulia huanza na herufi kama SRH, na LRH kwa toleo refu. Klabu ya Rolls-Royce Enthusiasts' Club nchini Uingereza huhifadhi kumbukumbu za kiwandani, na nakala yake huonyesha rangi ya mwanzo, ngozi na vifaa lilivyotoka navyo. Nailipia kabla ya kutoa malipo ya mwisho.

Hesabu naipanga kwa kukadiria bodi, haidroliki na matairi kana kwamba yote yanahitajika, kisha najumlisha na bei ya muuzaji. Jumla ikikaribia bei ya gari zima, nanunua tu kama bodi ni kavu na halijapungua kitu. Nikinunua, halivutwi kwa kamba: gia boksi hupata oili kwa pampu inayoendeshwa na injini, na magurudumu ya nyuma yakizunguka huku injini imezimwa huiunguza. Linapandishwa kwenye trela, matairi yote manne yakiwa juu.