Chokaa iliniulia sato, nyavu chakavu zikaniokoa

Mtu akikwambia maji ya samaki yakichafuka utie chokaa, mwulize kwanza: samaki watakuwa wamo au wametolewa? Mimi sikuuliza.

Nina tangi la zege uani, Pongwe hapa Tanga, lita 5,000, na nilipandikiza vifaranga 300. Mwezi wa tatu wakaanza kuja juu alfajiri, midomo nje, wanahema. Mzee mmoja jirani akaniambia, "Mwanangu, maji yamechacha hayo. Tia chokaa." Nikatia kama nusu kilo hivi, nikalala na raha zangu. Kulipokucha, matumbo meupe ukuta hadi ukuta. Mke wangu ndiye aliyehesabu, mimi nilishindwa: 182. Paka wa mtaa mzima walihudhuria msiba.

Kumbe samaki hutoa amonia kwenye matamvua, na chakula kinachooza chini huongeza nyingine. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ikiwa 7, amonia ile kali yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote iliyomo. Chokaa ikiipandisha pH hadi 9, inapita theluthi. Sumu ilikuwa imelala, nikaenda kuiamsha.

Nikashuka Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, wavuvi wakanipa nyavu zilizochakaa kwa hela ya soda. Nikazishindilia kwenye pipa, pampu ikawa inasukuma maji yaingie chini na kumwagikia tangini kutoka juu. Bakteria hujishika kwenye nyuzi, wakageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki wanaivumilia zaidi. Lakini hawaji siku moja! Nilingoja zaidi ya mwezi, nalisha kidogo kidogo, napunguza maji na kuongeza mapya.

Halafu nikaona nyuzi zimefanya utelezi wa kahawia, usafi ukanipanda kichwani. Nikazisugua kwa maji ya bomba. Klorini, ile dawa ya maji ya bomba, ikawamaliza bakteria wangu, karatasi ya kupimia amonia ikarudi kijani kibichi, yaani amonia imejaa tena, nikaanza upya kama mjinga. Siku hizi nazisuuza kwa maji ya tangi lenyewe, kwenye beseni, basi.

Nitrati nimewaachia matembele. Vikonyo nimevichomeka kwenye maboya ya madumu, mizizi inaning'inia majini, myeupe kama ndevu, na majani yanashinda ya shambani.

Yule mzee hupita kila Ijumaa kuchukua fungu la matembele. Habari ya chokaa hajaigusa, nami namfungia mboga yake.