EJ20, injini ya Subaru, imewaka!

Wadau, Subaru ya mshikaji imewaka leo hapa Unga Ltd, Arusha. Nimefurahi mno!

Wakitaka nguvu, wengi hukimbilia kuongeza presha ya tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Mimi nasema kazi iko chini, kwenye krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni. Fundi aliweka kiuzi laini cha plastiki kwenye kila beringi, akakaza boliti kwa spana ya kipimo, akafungua, kisha akapima upana wa kiuzi kilivyobanwa. Kikitanuka sana, nafasi ya oili ni finyu. Raha kumtazama, hana haraka kabisa.

Na huku juu, karibu mita 1,400, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu. Hii yenye tabo, ya ujazo wa cc 1,994, itafidia.

Rodi ya Moshi tutaijaribu tukishamwaga oili ya kwanza, ya kuizoesha injini.