Kanga ya Zeytinburnu

Jana usiku Shangazi yangu wa Kariakoo kapiga simu. Alianza na goti, akahamia bei ya kago, akampitia binti yake na yule mchumba asiyeeleweka, halafu ghafla, kama mtu aliyekumbuka kaacha sufuria jikoni: "Hivi, yule baba wa tambi ulimfikishia kanga yake?"

"Nilimfikishia, Shangazi."

Ilikuwa Desemba 2019. Nilikuwa mwaka wa tatu Istanbul, nasoma kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, na Shangazi alikuja Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla mjini humo, kufunga mzigo wa nguo za watoto. Siku nne nilikuwa mkalimani wake. Mwambie hiyo bei ya mtalii. Mwambie mimi si mtalii, mimi mteja. Mwambie Mungu anamwona. Kazi hiyo niliiweza vizuri, hata yale ya Mungu niliyatafsiri. Kilichonishinda ni tumbo lake. Asubuhi mkate na jibini, mchana mkate na nyama, usiku supu ya dengu na mkate. Siku ya nne akagoma: "Nataka wali. Wali uliopikwa na mtu anayejua mafuta."

Nikampandisha tramu ya T1 mpaka Zeytinburnu, upande mwingine wa jiji. Huko Wauighur, Waislamu waliotoka Xinjiang, China, wameishi miaka mingi, na kulikuwa na mgahawa mmoja niliokuwa nakwenda pesa ya mwezi ikiingia. Ukutani pametundikwa dutari, ala yao ya nyuzi mbili, na ile bendera yao ya buluu mpauko yenye mwezi na nyota, ambayo kule kwao Xinjiang ukikutwa nayo umekwisha. Shangazi hakuangalia ukuta. Aliangalia jikoni, ambako kijana mmoja alikuwa anavuta donge la unga, analizungusha mikononi, analipiga mezani pa! pa! mpaka likawa nyuzi ndefu.

"Tambi hizo. Wanatia hiliki?"

"Hapana, Shangazi. Wanazipakulia mchuzi wa kondoo na pilipili hoho."

"Tambi na kondoo," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa taarifa ya msiba wa mbali. Samsa zilipokuja akafurahi kusikia jina, mpaka alipogundua sambusa yenyewe imeokwa kwenye tanuri. Akaniuliza kama mafuta yamepanda bei.

Halafu ikaja polo. Sahani pana, wali umeingia rangi ya karoti, karoti zenyewe zimekatwa nyuzinyuzi, juu pande la kondoo linateleza kwa mafuta, na harufu ya binzari nyembamba iliyonipeleka moja kwa moja kwenye Idi ya nyumbani. Pembeni vijiko viwili. Shangazi akakitazama chake, akakisogeza.

"Pa kunawa wapi?"

Nikamnong'oneza kwamba hapa watu wanatumia kijiko.

"Watu gani?"

Meza ya jirani walishaanza kutuangalia. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina koti zuri, na aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mwenye mgahawa, mzee mwenye kofia ya doppa, alikuwa amesimama kwenye kaunta akituona. Akaingia ndani. Nikadhani anafuata uma.

Akarudi na birika na bakuli.

Akammiminia Shangazi maji mara tatu, taratibu, kama anavyonawishwa mgeni wa heshima Tanga. Shangazi akakung'uta mikono, mzee akamkabidhi taulo haraka (baadaye niliambiwa kwao kukung'uta maji ni utovu wa adabu). Kisha Shangazi akakaa sawa, akachukua wali kwa ncha za vidole, akaubana na karoti, akachana nyama kidogo, akafinyanga tonge. Hata punje moja haikuanguka. Akafumba macho akitafuna, nami nikasubiri hukumu.

"Huyu anajua. Kitunguu tu ndiyo kakionea huruma, kilitakiwa kiungue zaidi."

Sikutafsiri ya kitunguu. Mzee akavuta kiti, akakaa nasi. Akasema Wachina wanakiita chakula hiki zhuafan, wali wa kukamata kwa mkono, lakini wateja wake wote siku hizi ni wa kijiko. Mara ya mwisho kuona mtu anakula hivi ilikuwa kwa mama yake.

"Basi muulize," Shangazi akasema, "mama hajambo?"

Mnatujua. Ukishatajiwa mama wa mtu utaachaje kumsalimia? Nikauliza kwa Kituruki. Mzee akaanza kuvipanga vijiko viende sawa na ukingo wa meza.

"Mama alinifuta kwenye simu yake. 2017. Alinipigia, akaniuliza kama nimekula. Kesho yake jina lake halikuwepo."

Alisema kama mtu anayekwambia basi limechelewa. Zeytinburnu karibu kila nyumba ina 2017 yake. Ndio mwaka ambao watu kule walianza kukusanywa kwa wingi kwenye kambi, ambazo serikali ya China inaziita vituo vya mafunzo ya ufundi, na kuwa na ndugu nje, hasa Uturuki, kulitosha kukupeleka. Kwa hiyo wazazi wakawa wanafuta namba za watoto wao.

"Anasemaje?" Tonge liko hewani.

Nililitazama lile tonge.

"Hajambo. Anashukuru."

"Rehmet," mzee akasema, maana kwao ndiyo asante, na aliona nimenyamaza.

"Amin," akaitikia Shangazi, akaendelea kula.

Nimejitetea sana kwa hili. Kwamba alikuwa hajala siku nne. Kwamba angelia. Yote kweli. Ila kweli nyingine ni kwamba wangelia wote wawili, nami ndiye ningekaa katikati nikitafsiri.

Kesho yake, kabla ya uwanja wa ndege, akanipa doti mpya kutoka begini. "Mpe yule baba. Akienda kwao ampelekee mama yake." Nyekundu na nyeusi, jina lake NANI KAMA MAMA.

Nilikwenda nayo, Januari. Nikala, nikanywa chai vikombe vitatu. Mzee akaniuliza, "Hala hajambo?" Hala kwa Kituruki ni shangazi. Hajambo, nikasema. Mfuko ulikuwa katikati ya miguu yangu. Nikalipa, nikatoka nao.

Doti haijakatwa mpaka leo, iko kabatini chini ya mashuka.

Na jana Shangazi hakuishia pale. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na mama yake, aliipenda?"

Nikamwambia simsikii vizuri, mtandao unakata.