Fainali ya Doha, barazani

Leo baraza letu hapa Lamu limeacha dhumna, jamani!

Ubingwa wa dunia wa tenisi ya meza, fainali ya wanaume: Wang Chuqin wa China na Hugo Calderano wa Brazil, mtu wa kwanza kutoka Amerika nzima kufika hapo. Nusu fainali alimtoa Mchina mwingine, Liang Jingkun, seti 4-3.

Simu moja, vichwa tele.
Kipira chenyewe gramu 2.7, kwenye kioo hata hukioni. Tukawa twafuata sauti tu: tak, tak, tak… mara bando lakwama, kila mtu refa.

Ami yangu, ambaye michezo kwake ni mashindano ya jahazi basi, kikombe cha kahawa kimemgandia mkononi. Hanywi, hakiweki.
Calderano kuchukua seti, kahawa yote kwenye kanzu. Wala hakutazama!
“Mkono ule autoa wapi?”

Wang kashinda 4-1. Haki yake, ingawa roho yaniuma.

Mwaka 2026 ni zamu ya timu za taifa, London, yalikoanzia mashindano haya 1926.

Nani ana meza hapa mtaani? Hata ya kulia chakula, tutaifunga wavu. Semeni!